Mshale Mmoja, Maneno Mengi: Kiswahili katika Geji za Kompyuta

Mshale mfupi wa saa ya ukutani unapoelekea nambari 7 asubuhi, Mswahili husema ni saa moja. Habishani na saa wala haoni ajabu. Tangu hapo amezoea kwamba mahali mshale uliposimama ni jambo moja, na neno litamkwalo ni jambo jingine. Mtengano huu ndio msingi wa geji za kompyuta, yaani vipimo vinavyochorwa kwenye skrini vikiwa na uso, skeli na mshale. La kusikitisha ni kwamba geji hizo bado huzungumza na Mwafrika Mashariki kwa maneno ya Kiingereza kana kwamba hakuna namna nyingine.

Namna ipo. Geji ya skrini haina springi wala gia. Programu hupokea nambari, huigeuza kuwa pembe, kisha huchora mshale. Ikiwa skeli ya tangi la maji inaanzia 0 hadi 100, na mshale unazunguka digrii 270, basi kila asilimia moja ni digrii 2.7. Maji yakifika asilimia 60, mshale husimama kwenye digrii 162. Lebo zilizo kando ya alama hazimo katika hesabu hiyo. Programu kama LabVIEW, iliyotolewa na kampuni ya National Instruments ya Marekani mwaka 1986, humruhusu mtengenezaji kubadili mipaka ya skeli na kuweka maneno badala ya nambari. Kwa hivyo, adaiye kuwa kompyuta inakikataa Kiswahili hana hoja.

Kikwazo halisi ni sarufi. Kwa Kiingereza, neno "High" hubandikwa kwenye kila geji bila kubadilika. Kwa Kiswahili, maji huwa mengi, mwanga huwa mwingi, kasi huwa kubwa na joto huwa kali. Tangi huwa tupu, mtungi huwa mtupu, na chombo huwa kitupu. Yamkini mtu atapendekeza vivumishi visivyochukua viambishi, kama vile haba na tele. Pendekezo hilo lina mashiko kwa maji haba na maji tele. Hata hivyo, kasi tele na joto tele, ijapokuwa hazivunji upatanisho, hazikubaliki masikioni mwa wazawa wa lugha. Hapana budi, basi, kila geji itungiwe lebo zake kulingana na kinachopimwa. Orodha moja ya tafsiri haitoshi.

Aidha, lebo haiwezi kutenganishwa na mwendo wa mshale. Tuseme neno salama hugeuka kuwa hatari mara tu kipimo kifikapo 80. Kipimo kikiyumba kati ya 79 na 81, msomaji ataona salama na hatari zikipokezana, na mwishowe hataliamini hata moja. Dawa yake inajulikana: hatari itangazwe kwenye 80, lakini salama isirejee hadi kipimo kishuke chini ya 75. Mshale nao unaweza kutulizwa kwa kuonyesha wastani wa vipimo kadhaa vya mwisho, mradi usicheleweshwe kiasi cha kuficha hatari ya ghafla. Neno lililo sahihi kisarufi lakini likaonekana kwa wakati usiofaa ni neno potofu.

Wapo wanaoshikilia kuwa nambari pekee zatosha. Nambari 80 haimwambii mhudumu wa mtambo iwapo aendelee na kazi au akimbie kuuzima. Neno ndilo humwambia, na humwambia upesi zaidi likiwa la lugha anayoifikiria.

Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Hadhi hiyo haistahili kuishia katika hotuba na mitihani. Mtengenezaji wa programu anajua pembe ya mshale. Mwanafunzi wa Kiswahili anajua ngeli ya kinachopimwa. Wasipokaa meza moja, mmoja ataendelea kubandika maneno ya kigeni, na mwingine ataendelea kulalamika kuwa lugha yake imesahauliwa.