Kielezi Baada ya Kitenzi Kishirikishi: Kiswahili na Kiingereza katika Madarasa ya Pwani ya Mtwara

1.0 Utangulizi

Walimu wa Kiingereza katika shule za sekondari za pwani ya Mtwara, kuanzia Mikindani hadi Msimbati na vijiji vilivyo karibu na mahali mto Ruvuma unapoingia baharini, wanayafahamu vyema makosa ya aina hii. Mwanafunzi huandika "The fish smells badly" pale ambapo Kiingereza Sanifu hutaka "The fish smells bad". Huandika "The sea looks calmly" badala ya "The sea looks calm". Mwalimu hupiga mstari mwekundu, huandika jibu sahihi pembeni, na somo huendelea. Maelezo yanayotolewa, kama yanatolewa, ni kwamba mwanafunzi hakuwa makini.

Makala haya yanapinga maelezo hayo. Tunadai kwamba mwanafunzi huyo alikuwa makini mno. Amefuata mambo mawili: muundo wa Kiswahili anachokisema kila siku, na fasili ya kielezi aliyokaririshwa katika somo la Kiswahili. La kwanza halina dosari. La pili lina upungufu, na ni juu ya wanaisimu wa Kiswahili kuurekebisha kabla ya kumlaumu mwalimu wa Kiingereza.

2.0 Fasili ya Kielezi na Upungufu Wake

Vitabu vyetu vingi vya sarufi hueleza kwamba kielezi ni neno linalofafanua kitenzi, kivumishi au kielezi kingine. Tuitazame fasili hiyo kwa mifano miwili:

(1) Mgonjwa anatembea vizuri.
(2) Mgonjwa yuko vizuri.

Katika (1) tukiliondoa neno "vizuri", tunabaki na "Mgonjwa anatembea", tungo kamili ambayo maana yake ya msingi haikuguswa. Katika (2) tukifanya hivyo hivyo tunabaki na "Mgonjwa yuko". Tungo hiyo ama itamfanya msikilizaji aulize "yuko wapi?", ama itaeleweka kuwa mgonjwa yupo mahali fulani. Habari ya afya yake imetoweka kabisa. Ni dhahiri, basi, kwamba "vizuri" katika (2) halifafanui kitenzi "yuko". Neno hilo ndilo habari yenyewe tunayopewa kuhusu mgonjwa.

Kiswahili hakikosi istilahi za kueleza tofauti hii. Katika (1) kielezi kina uamilifu wa chagizo. Katika (2) kina uamilifu wa kijalizo. Kasoro iliyopo ni kwamba madarasani aina ya neno na uamilifu wa neno huchanganywa, na mwanafunzi huondoka akiamini kuwa kila neno linalofuata kitenzi, na ambalo si nomino, ni kielezi kinachokifafanua kitenzi hicho.

Linganisha pia (2) na (3):

(3) Mgonjwa ni mzuri.

Mzungumzaji yeyote anajua kwamba (3) haielezi nafuu ya mgonjwa, bali tabia au sura yake. Kishirikishi "ni" huandamana na kivumishi chenye upatanisho wa kisarufi na hutaja sifa. Kishirikishi chenye "-ko" huandamana na kielezi na hutaja hali. Katika ngeli ya KI-VI tofauti hii huweza kujificha, kwa kuwa kiambishi "vi-" ni cha upatanisho na pia ni cha kuundia vielezi. "Vyombo viko vizuri" inaweza kumtatanisha mchanganuzi. Lakini tukiigeuza tungo hiyo iwe ya umoja, ukweli hudhihirika: husemwa "Chombo kiko vizuri", wala si "kiko kizuri".

Wapo watakaosema kwamba "yuko vizuri" ni lugha ya vijana, na kwamba Kiswahili fasaha ni "hajambo" au "ni mzima". Pingamizi hilo halina uzito mkubwa. Miundo kama "yu hai", "yu macho", "yu tayari" na "yu radhi", pamoja na "yuko hai" na "yuko tayari", imekubalika kwa muda mrefu, na yote ina kishirikishi kinachofuatwa na neno la hali lisilochukua upatanisho. "Yuko vizuri" imepita katika njia hiyo hiyo.

3.0 Maneno Yasiyobadilika na Kitenzi "Kuonekana"

Ugumu wa mwanafunzi huongezeka anapokutana na maneno ambayo hayapokei viambishi vya ngeli, kama shwari, salama, wazi na kimya:

(4) Bahari ni shwari.
(5) Bahari inaonekana shwari.
(6) Wavuvi wamefika salama.

Umbo la maneno "shwari" na "salama" halimwambii mwanafunzi kama analo kivumishi au kielezi, na katika mazungumzo ya Kiswahili halazimiki kulijua hilo. Kiingereza humlazimisha achague. Katika (5) humtaka atumie "calm". Katika (6) kwa kawaida hutumia "safely", ingawa "safe" nayo hukubalika. Akiwa na fasili ile peke yake, hana budi kubahatisha: neno limefuata kitenzi, kwa hiyo ni kielezi, kielezi cha Kiingereza huishia na "-ly", kwa hiyo aandike "calmly". Hitimisho ni potofu, lakini hatua zake zimepangika kimantiki.

Hata hivyo, Kiswahili chenyewe kina ufunguo wa kumsaidia:

(7) Mashua inaonekana vizuri.
(8) Mashua inaonekana nzuri.

Aliyesimama ufukweni Msimbati akisema (7), maana yake ni kwamba ukungu umeondoka na macho yanaifikia mashua bila taabu. Akisema (8), anaisifu mashua. Katika (7) "kuonekana" ni kitenzi halisi chenye chagizo. Katika (8) kimefanya kazi ya kishirikishi, na kijalizo chake kimechukua upatanisho wa kiima. Kitenzi "look" cha Kiingereza katika "The sea looks calm" hufanya kazi ile ile ya "kuonekana" katika (8). Mwanafunzi anayezitofautisha (7) na (8), na hakuna mzungumzaji wa Kiswahili asiyezitofautisha, tayari anayo maarifa anayodhaniwa kuyakosa. Inasikitisha kwamba vitabu vingi hutaja "ni", "kuwa" na "-ko" tu kuwa vishirikishi, na kuviacha "kuonekana" na "kubaki" (kama katika "alibaki mpweke").

4.0 Harufu ya Samaki na Ng'ambo ya Ruvuma

Vitenzi vya harufu vinastahili kutazamwa peke yake. Kiswahili kina "kunuka" na "kunukia", na kitenzi chenyewe kimebeba hukumu ya harufu: samaki aliyeoza ananuka, pilau inanukia. Tukiongeza "vibaya" tunatia mkazo tu. Neno hilo ni chagizo na linaweza kuondolewa. Kiingereza nacho huweza kusema "The fish smells" kwa maana ya uvundo, lakini kitenzi hicho kinapofuatwa na neno la sifa huwa kishirikishi na sifa huelekezwa kwa samaki. Kwa mtazamo huo wa kimapokeo, "The fish smells badly" humaanisha kwamba samaki ana upungufu wa uwezo wa kunusa.

Sasa tuvuke mto. Kimakonde husemwa pande zote mbili za Ruvuma, ingawa kwa lahaja tofauti. Upande wa Msumbiji lugha rasmi ni Kireno, na Kireno husema "O peixe cheira mal", ambapo "mal" ni kielezi. Zaidi ya hayo, Kireno hutenga "ser" kwa sifa na "estar" kwa hali: "é bom" inakaribiana na "ni mzuri", na "está bem", yenye kielezi, inakaribiana na "yuko vizuri". Hatusemi kwamba Kireno ni rahisi. Kina mitego yake. Tunachosema ni kwamba watoto wawili wenye Kimakonde, mmoja Palma na mwingine Mtwara, wakitumia muundo ule ule wa kitenzi cha harufu na kielezi, mmoja atapewa alama na mwingine atanyimwa. Tofauti yao haimo katika umakini, imo katika lugha ya shule.

Kimakua, ambacho nacho husemwa kusini mwa Tanzania, kinatufikisha mbali zaidi. Uchunguzi wa Cheng na Kisseberth kuhusu Kimakua cha Ikorovere, uliochapishwa kuanzia mwaka 1979, umeonyesha jinsi toni ilivyo na kazi nzito katika sarufi ya lugha hiyo. Humo nomino huweza kuwa kiarifu kwa kushushwa toni ya juu ya kwanza, pasipo kitenzi chochote. Kiswahili nacho huruhusu "Mimi mgeni hapa". Katika lugha za eneo hili, basi, kushirikisha kiima na habari yake si lazima kuwe kazi ya kitenzi, na kijalizo hakiwezi kuelezwa kwa kuangalia tu kwamba kimekifuata kitenzi.

5.0 Hitimisho

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, vitabu vya sarufi ya Kiswahili vitenganishe wazi kielezi, ambacho ni aina ya neno, na chagizo na kijalizo, ambavyo ni uamilifu. Pili, orodha ya vitenzi vishirikishi ipanuliwe ili ijumuishe vitenzi kama "kuonekana" na "kubaki" vinapofanya kazi hiyo. Tatu, mwalimu wa Kiingereza aruhusiwe, na ahimizwe, kulifundisha jambo hili kwa Kiswahili, akianza na jozi kama (7) na (8).

Hilo la tatu litapingwa na wanaoamini kwamba Kiswahili katika darasa la Kiingereza ni kikwazo. Tungewaomba watafakari gharama ya upande wa pili. Katika sekondari zetu Kiingereza ndicho lugha ya kujifunzia Biolojia na Jiografia pia. Mwanafunzi anayesahihishwa bila kuelezwa huhitimisha kwamba lugha hiyo haina kanuni, na asiyeona kanuni huacha kuandika sentensi zake mwenyewe, akabaki kunakili za wengine. Hasara hiyo ni kubwa kuliko alama moja, na kinga yake imo katika Kiswahili anachokuja nacho darasani.