Pikipiki ya Magurudumu Matatu

Baba aliyezoea pikipiki ya magurudumu mawili hudhani kwamba ile ya matatu ni nyepesi kuendesha, maana husimama yenyewe. Tuangalie sana. Ya mawili huinama pamoja na mwendeshaji penye kona. Ile ya mizigo, yenye mawili nyuma, hainami: lazima kugeuza usukani kwa mikono. Tukiikata kona kwa mbio, gurudumu la ndani huinuka, na yote hupinduka. Basi tupunguze mwendo mapema, tuegemee upande wa ndani, na mizigo mizito ikae chini. Tena, shimo lililokwepwa na gurudumu la mbele huweza kunasa la nyuma. Kwanza tujizoeze uwanjani, pasipo mzigo wala watoto. Mazoea ya zamani hayaachwi kwa siku moja.