Mwanao anataka ekzosi ya mlio? Uliza haya kwanza

Kijana akishanunua pikipiki ya spoti, haipiti muda mrefu kabla hajaanza kuzungumzia ekzosi. Ile iliyotoka nayo kiwandani anaiona nzito na haina sauti. Anataka nyepesi yenye mlio, kisha fundi amrekebishie na injini ili ivute zaidi.

Wazazi wengi hapo huwaza mambo mawili tu: gharama na majirani. Lakini mabadiliko haya yanagusa pia afya ya kijana mwenyewe na ya wadogo zake, na maswali yake yanafaa kuulizwa kabla fedha haijatoka.

Ekzosi si bomba la kutolea moshi tu. Ile ya kiwandani imejengwa ndani kwa namna ya kupunguza sauti. Pikipiki nyingi za miaka ya karibuni zina pia kichujio chenye vitundu kama masega ya nyuki, ambacho hugeuza sehemu kubwa ya hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi kuwa kaboni dayoksaidi. Kwa nje kuna kibati cha kukinga joto ili mguu usiguse chuma. Fundi akifunga bomba tupu, vyote vitatu vinaweza kuondoka siku moja.

Faida yake ni ndogo kuliko vijana wanavyoambiana. Kubadilisha kipande cha mwisho peke yake hupunguza kilo chache na kuongeza nguvu kidogo. Pikipiki ya spoti ya CC 600 ya kisasa huwa tayari ina nguvu inayokaribia au kuzidi hospawa 100, wakati bodaboda ya CC 150 haifiki 20. Kwa safari za mjini, kinachobadilika hasa ni sauti.

Masikio hayaoti upya

Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inashauri mtu asikae kwenye kelele ya desibeli 85 zaidi ya saa nane kwa siku. Kila zinapoongezeka desibeli tatu, muda huo hukatwa nusu. Kwenye desibeli 94 inabaki saa moja, na kwenye 100 inabaki dakika 15. Bomba lililo wazi, mtu akiwa karibu nalo, linaweza kuvuka 100.

Sauti kali huua chembe ndogo za sikio la ndani zinazopokea mawimbi ya sauti, na kwa binadamu chembe hizo zikifa hazioti tena. Dalili ya mapema ni masikio kupiga mlio baada ya safari, au kijana kuanza kuongeza sauti ya televisheni. Kwenye mwendo wa barabara kuu, upepo ndani ya helmeti nao ni kelele tosha, hivyo vizibo vya masikio vinamfaa hata mwenye ekzosi ya kiwandani.

Kwa waliolala, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza mwaka 1999 kwamba sauti ya ghafla ndani ya chumba cha kulala isizidi desibeli 45. Pikipiki yenye mlio ikiwashwa barazani saa kumi na moja alfajiri inapita hapo kwa mbali, na mtoto mchanga ndiye wa kwanza kuamka.

Pikipiki inayolala sebuleni

Kwa hofu ya wezi, familia nyingi huingiza pikipiki ndani usiku. Hapo kuna hatari mbili.

Ya kwanza ni moshi. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Pikipiki ikipashwa moto ndani, hasa iliyotolewa kichujio, hewa hiyo hujaa haraka. Huanza kwa kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, na inaweza kuua. Pikipiki isukumwe hadi nje ndipo iwashwe, bila kujali ni ekzosi gani.

Ya pili ni kuungua. Ekzosi hubaki ya moto kwa muda baada ya injini kuzimwa, na bomba lisilo na kibati liko usawa wa mkono wa mtoto anayejifunza kutembea. Mtoto akiungua, sehemu hiyo iwekwe chini ya maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Barafu, dawa ya meno, yai, unga na mafuta visipakwe. Kisha ifunikwe kwa kitambaa safi bila kukaza. Kidonda kikubwa kuliko kiganja cha mtoto mwenyewe, au kilicho usoni, mkononi, sehemu za siri au kwenye kiungo, kipelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Malengelenge yasipasuliwe nyumbani.

Nani atapanga mafuta upya?

Ekzosi mpya ikiachia moshi kwa urahisi zaidi, uwiano wa hewa na petroli ndani ya injini hubadilika. Pikipiki ya kabureta inaweza kuhitaji jeti nyingine. Ile ya sindano inaweza kuhitaji programu ya kompyuta yake ipangwe upya na fundi mwenye vifaa vya kupimia. Petroli ikiwa kidogo kuliko inavyotakiwa, injini hupata joto kupita kiasi na kusitasita mpanda pikipiki anapohitaji kasi, pengine akiwa katikati ya kulipita lori. Ikizidi, sumu kwenye moshi huongezeka. Ile milipuko kama risasi anapoachia mafuta ni petroli ambayo haikuungua kwenye injini, inashika moto ndani ya bomba.

Mzazi akisema tu, "Sitaki kelele hapa kwangu," kijana ataifunga na kuilaza kwa rafiki yake. Akiuliza, "Mwanangu, hiyo unayotaka ina kibati? Kichujio kinabaki? Fundi atapima mafuta kwa kifaa gani?" kijana atalazimika kwenda gereji kutafuta majibu. Zipo ekzosi za kununua zenye kizuia sauti, kinga ya joto na kichujio, na si lazima kila badiliko likataliwe. Ila kama majibu ni "Mama, wote wanafunga hivi hivi," fedha hiyo ingefaa zaidi kwenye matairi mazuri, breki na helmeti inayomkaa sawasawa.

Na kama pikipiki yenye mlio ni ya jirani, wa kuanza naye ni jirani mwenyewe, kisha mwenyekiti wa mtaa. Ikishindikana, kwa Tanzania malalamiko ya kelele hupokewa na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC).