Nambari Tasa Zilizozaa

Aghalabu husikika, hata katika kumbi za vyuo vikuu, dai kwamba Kiswahili ni lugha ya ushairi na siasa, na kwamba hisabati ikitiwa ndani yake hukwama. Dai hili hurudiwa pasi na kupimwa. Kipimo chepesi ni kuteua nambari moja na kuisimulia. Iwe 4,294,967,297, yaani bilioni nne, milioni mia mbili tisini na nne, elfu mia tisa sitini na saba, mia mbili tisini na saba. Hupatikana 2 inapopandishwa hadi kipeo cha 32, kisha ikaongezwa 1.

Katika karne ya 17, Mfaransa Pierre de Fermat alizichunguza nambari za ukoo huu, ambazo kipeo chake hurudufishwa kila hatua: 1, 2, 4, 8, 16. Zilimpa 3, 5, 17, 257 na 65,537. Zote ni tasa: hazigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Akaamini, bila uthibitisho, kwamba zitakazofuata zote zitakuwa vivyo hivyo. Iliyofuata ndiyo hii yetu. Fermat alifariki mwaka 1665, na ilipofika 1732 Leonhard Euler, Mswisi aliyekuwa akifanya kazi St. Petersburg, akaonyesha kwamba ni zao la 641 na 6,700,417.

Ladha ya kisa imo katika njia. Euler alikuja kuthibitisha kwamba kila kigawo tasa cha nambari hii lazima kiache baki la 1 kigawanywapo kwa 64. Basi mtafutaji hana haja ya kupapasa tasa zote. Hujaribu 193, 257, 449, 577, kisha 641. Jaribio la tano tu! Ni ajabu kwamba hodari kama Fermat alipitwa nalo.

Hakuna hatua hapo iliyokosa neno. Shufwa, witiri, kigawo, kigawe na namba tasa zimo vitabuni, na shule za msingi za Tanzania zimezitumia kwa miaka mingi. Witiri, kwa hakika, Mwislamu wa pwani huijua kwa sala kabla ya kuijua kwa hesabu.

Penye utata ni neno lenyewe *tasa*. Mama tasa ni asiyezaa. Lakini 641 na 6,700,417, tasa zote mbili, ndizo zilizoizaa nambari hii; na kila nambari nzima iliyo kubwa kuliko 1, kama si tasa yenyewe, ni zao la tasa. Anayeanzia kwenye kuzidisha atadhani istilahi imepinduliwa. Neno husimama sawasawa pale tu uzazi unapotazamwa upande wa kugawanya: nambari tasa haitoi vigawo vidogo kutoka tumboni mwake. Hiyo si sababu ya kulitupa, kwani limekwisha kuzoeleka. Ni sababu ya kamusi kulifafanua kwa picha, na kazi hiyo ni ya wanafunzi wa semantiki kabla haijawa ya wanahisabati. Wanaodai lugha ni pungufu hawajafika hata kwenye mjadala huu.

Swali la Fermat nalo bado linaulizika kwa maneno hayo hayo: je, baada ya 65,537, ukoo ule una tasa nyingine? Haijapatikana hata moja, wala hakuna aliyethibitisha kwamba haipo.