Mtaa Unaotazamwa na Haki ya Kutazama

Imekuwa desturi, kila sinema inapozungumzwa miongoni mwa Waafrika Mashariki walioko ughaibuni, kusema kwamba zama za kwenda kutazama filamu kwa kundi zimepita. Simu, inadaiwa, imempa kila mtu ukumbi mfukoni mwake. Atakaye kutazama na atazame, saa aitakayo, peke yake, bila tiketi wala foleni. Kauli hiyo husemwa kwa utulivu, mithili ya mtu anayetaja kwamba masika yamekwisha, na wasomi wa fasihi na filamu huirudia bila kuidai ushahidi. Ni kauli yenye kosa, na kosa lake hudhihirika vema katika mtaa wa Cedar-Riverside, jijini Minneapolis.

Mtaa huo umekaa kwenye ukingo wa magharibi wa mto Mississippi, umebanwa kati ya barabara kuu na majengo ya vyuo. Mwishoni mwa karne ya 19 ulikuwa makazi ya wahamiaji kutoka Skandinavia, nao hawakukawia kujijengea mahali pa kukutania: ukumbi wa Dania, uliojengwa mwaka 1886, ulikuwa na nafasi ya dansi, michezo ya kuigiza na mikutano, na ulisimama hadi ulipoteketea kwa moto mwaka 2000. Mwaka 1973 yalikamilika majumba marefu ya Riverside Plaza, yaliyosanifiwa na Ralph Rapson, yenye vibao vya rangi mbalimbali ukutani na nyumba zipatazo 1,300. Tangu miaka ya 1990 wanaoishi humo kwa wingi ni Wasomali na Waoromo. Baadhi yao walipita Dadaab, Kakuma au Eastleigh kabla ya kufika Minnesota, na Kiswahili walichokiokota huko hawakukitupa njiani. Wapo pia Wasomali ambao jamaa zao wa Barawa wamezungumza Chimiini, lahaja ya Kiswahili, kwa karne nyingi. Kwa hiyo anayeandika juu ya utamaduni wa Waswahili ughaibuni hawezi kuupita mtaa huu akidai kwamba haumhusu.

Jambo la kwanza la kutambuliwa kuhusu Cedar-Riverside na sinema ni kwamba mtaa huu umetazamwa mara nyingi kuliko ulivyopewa nafasi ya kutazama. Mwaka 2011 watayarishaji wa filamu ya Captain Phillips walikuja katika kituo cha jamii cha Brian Coyle, katikati ya mtaa, kutafuta vijana wa kuigiza maharamia wa Kisomali. Walijitokeza watu zaidi ya 700. Wanne walichaguliwa, wote wakazi wa Minneapolis: Barkhad Abdi, Barkhad Abdirahman, Faysal Ahmed na Mahat Ali. Filamu ilipotoka mwaka 2013, chini ya uongozaji wa Paul Greengrass, Abdi alisifiwa duniani kote. Mwaka uliofuata alitunukiwa tuzo ya BAFTA na kuteuliwa kuwania Oscar. Hakuna wa kumnyima sifa hiyo. Lakini wahenga waliposema mcheza kwao hutunzwa, walikuwa wamelitia neno “kwao” mkazo ambao wasifu wa magazeti uliuruka. Mamia waliopanga foleni pale Coyle walikwenda kuonwa, wapimwe kama sura na sauti zao zinafaa hadithi iliyokwisha kuandikwa na wengine. Mtaa huo huo haukuwa na ukumbi wa sinema ambamo mamia hao wangeketi pamoja kuitazama filamu iliyotoka, waicheke inapostahili kuchekwa, waizomee inapostahili kuzomewa, na watoke nje wakibishana juu yake hadi mlangoni mwa nyumba zao.

Tukio la pili lilikuwa chungu zaidi. Mwishoni mwa mwaka 2015 zilisambaa habari kwamba HBO ilikuwa ikiandaa tamthilia ya televisheni kuhusu Wasomali wa Minneapolis, mwanamuziki K'naan akiwa mwandishi wake na Kathryn Bigelow akiwa miongoni mwa watayarishaji. Habari za mwanzo ziliieleza kama hadithi ya vijana wanaoandikishwa katika vita vya jihadi. Haikuwa habari ya kupokewa kwa kicheko. Minneapolis ilikuwa imechaguliwa na serikali ya shirikisho kuwa mmoja wa miji mitatu ya majaribio ya mpango wa kukabiliana na itikadi kali, na wakazi wengi waliuona mpango huo kama jicho la polisi lililovaa miwani ya ustawi wa jamii. Septemba 2016 K'naan alipopanda jukwaani katika tamasha la mtaa, vijana walimpigia kelele, tamasha likavurugika na polisi wakaingilia kati. Kipindi cha majaribio kilipigwa picha mwaka huo, lakini mwaka 2017 HBO iliamua kutokiendeleza.

Matukio haya mawili yamezoeleka kusomwa kama pande mbili za sarafu: la kwanza ufanisi wa uwakilishi, la pili kushindwa kwa uwakilishi. Usomaji huo ni finyu. Katika yote mawili swali lililoulizwa ni moja tu: nani ataonyeshwa, na ataonyeshwa vipi? Swali la nani atatazama, akiwa wapi na akiwa na nani, halikuulizwa. Ndiyo maana hasira ya 2016 ilikosa mahali pa kutulia ikawa hoja. Jamii iliyozoea kuketi pamoja mbele ya filamu hujenga, mwaka hadi mwaka, wakosoaji wake, wacheshi wake na msamiati wake wa kukataa. Jamii isiyo na mahali hapo hubakiwa na njia mbili, kushangilia au kupiga kelele, na zote mbili huja baada ya wengine kumaliza kuandika.

Ajabu ni kwamba ukumbi upo. Jengo la kituo cha utamaduni cha Cedar, lililo kwenye barabara ya Cedar yenyewe, lilifunguliwa mwaka 1948 likiwa jumba la sinema. Tangu 1989 kazi yake kuu imekuwa muziki wa mataifa mbalimbali, na kazi hiyo imefanywa kwa heshima: mwaka 2014, kwa ushirikiano na chuo cha Augsburg kilicho jirani, kituo hicho kilianzisha mradi wa Midnimo, neno la Kisomali lenye maana ya umoja, uliowaleta wasanii wa Kisomali kama Aar Maanta kuishi na kufanya kazi na wakazi. Mradi huo ulithibitisha kwamba vijana wa mtaa na mama zao huja wakiitwa kwa jina lao. Kilichofanyika kwa wimbo kinaweza kufanyika kwa filamu, tena ndani ya kuta zilizojengwa kwa ajili ya filamu.

Kwa sasa kundi la marafiki wa Cedar-Riverside likitaka kwenda sinema hupaswa kuuacha mtaa. Njia moja iliyo rahisi ni treni ya mjini, inayopita kwenye kituo chenye jina la mtaa na kuishia Mall of America, kule Bloomington. Hapo pana kanuni inayostahili kukumbukwa na kila anayedhani kwamba kwenda sinema ni jambo lisilo na siasa. Mwaka 1996 maduka hayo yaliamuru kwamba Ijumaa na Jumamosi jioni asiyetimiza miaka 16 asiwepo bila mtu mzima wa miaka 21 au zaidi. Sheria haikutaja rangi ya mtu wala asili yake, na haikuwa na haja ya kutaja. Kundi la vijana lisilo na mzazi lilikwisha kuhesabiwa kuwa tatizo kabla halijafika kwenye dirisha la tiketi. Anayewashauri vijana hao watazame filamu kwenye simu, kila mmoja chumbani kwake, anawashauri wakamilishe wenyewe kazi ambayo kanuni hiyo iliianza.

Katika historia ya Afrika Mashariki, kwenda sinema hakujawahi kuwa tendo la mtu mmoja na picha. Laura Fair, mwanahistoria aliyeandika Reel Pleasures, kitabu kilichotoka mwaka 2018, ameonyesha kwa ushahidi mwingi jinsi miji ya Tanzania ilivyoufanya ukumbi kuwa uwanja wa umma. Unguja ilikuwa na jumba la Royal tangu 1921. Baadaye zikaja Empire, Sultana, Majestic na nyinginezo. Mhindi, Mwarabu, Mngazija na Mswahili waliingia mlango mmoja, wakakaa mbele ya kitambaa kimoja, wakalia pamoja kwa ajili ya Raj Kapoor katika Awaara bila wengi wao kujua Kihindi. Aliyefahamu alimnong'oneza asiyefahamu. Aliyeona Jumamosi alimsimulia ambaye hakuona, na kufikia Jumatatu filamu ilikuwa imekwisha kuwa mali ya mji, ikibishaniwa barazani: je, baba alikuwa na haki ya kumfukuza mkewe? Je, damu ndiyo inayomfanya mtu mwizi, au ni njaa? Maswali hayo hayakutoka kwenye kitambaa peke yake. Yalizaliwa njiani, kati ya ukumbi na nyumbani, midomoni mwa watu waliotembea pamoja.

Husemwa kwamba video ilikuja ikaufuta utamaduni huo. Ilizifuta kumbi nyingi, hilo ni kweli. Lakini watu walifanya nini walipopata video? Walijenga vibanda. Vibandaumiza vya Dar es Salaam na miji mingine, vyenye benchi za mbao na joto la kukaanga samaki, vilijaa watu waliokuja kutazama kwa pamoja kile ambacho wangeweza kutazama majumbani. Akatokea Lufufu, aliyezifasiri filamu za kigeni kwa Kiswahili kwa sauti yake mwenyewe, akawapa mashujaa wa Hong Kong na Hollywood methali na matani ya uswahilini. Sanaa ya Lufufu ilihitaji umati, kwa sababu mzaha wa mfasiri hukamilika kwa kicheko cha wengi. Teknolojia iliyodhaniwa kumtenga mtazamaji ilizaa, mikononi mwa Waswahili, namna mpya ya kukusanyika. Hivyo anayesema simu italazimisha upweke anazungumzia chaguo la watu, kisha analiita nguvu ya mashine.

Pingamizi nzito zaidi ni ya wazee na wacha Mungu, nayo haifai kujibiwa kwa dharau. Wanasema giza la ukumbi huchanganya wavulana na wasichana, na picha nyingi ni za kuaibisha. Lakini Unguja ilikuwa mji wa Waislamu, na ilikwisha kulitafutia jambo hili ufumbuzi: wanawake walitengewa maonyesho yao, wakaenda kwa makundi, mashoga, wakwe na mawifi, kwa mavazi yao mazuri. Mzee anayemkataza kijana ukumbi wa mtaani, ambako jirani ndiye anayekata tiketi na mjomba ameketi safu ya nyuma, hamwepushi na picha. Anamwachia azitazame zote gizani kwenye simu, mahali ambapo hakuna mjomba. Ukumbi wa jamii ni ulinzi kuliko mlango uliofungwa.

Wasomi nao hawana budi kubeba sehemu yao ya lawama. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, riwaya ya 1999, ilipogeuzwa filamu na Amil Shivji mwaka 2021 na kuonyeshwa Toronto, ilipokewa kama maandishi mengine ya kuchambuliwa: iko wapi riwaya ndani ya filamu, nini kimeachwa, nini kimeongezwa. Ni maswali halali. Ila mchambuzi anayeitazama peke yake kwenye kompyuta, akiisimamisha kila dakika ili aandike, anachambua kitu ambacho watazamaji wa Kiswahili hawajawahi kukiita sinema. Nusu ya maana iko ukumbini: pale ambapo mama mmoja anaguna na ukumbi mzima unaelewa. Taaluma isiyojali kama filamu hizi zina mahali pa kutazamwa na watu wake inajenga maktaba ya vivuli.

Wala filamu zenyewe si haba. The Gravedigger's Wife ya Khadar Ayderus Ahmed ilishinda tuzo kuu ya FESPACO mwaka 2021, ikisimulia juu ya mchimba makaburi anayehangaika kumtafutia mkewe fedha za matibabu. Mwaka 2024 The Village Next to Paradise ya Mo Harawe ilikuwa filamu ya kwanza ya Kisomali kuingia katika uteuzi rasmi wa tamasha la Cannes. Mogadishu yenyewe, baada ya miaka 30 ya vita na hofu, ilionyesha filamu hadharani katika ukumbi wa taifa Septemba 2021, na watu walinunua tiketi wakaja. Ikiwa Mogadishu imeona kwamba ukumbi ni dalili ya uhai kiasi cha kuufungua tena chini ya ulinzi wa bunduki, Minneapolis ina udhuru gani?

Kinachodaiwa hapa si kikubwa. Ni usiku mmoja wa kila mwezi katika jengo lililojengwa kwa kazi hiyo, kwa bei ambayo dereva wa teksi anaweza kuwalipia wanawe wanne. Maonyesho ya wanawake kwa wanaoyataka. Mfasiri mwenye kipaza sauti, Kisomali usiku huu na Kiswahili usiku ujao. Na taa ziwashwe mwishoni bila watu kuharakishwa kutoka. Vyuo vilivyouzunguka mtaa vimefaidi tafiti nyingi kutoka kwa wakazi wake, na gharama ya jambo hili ni ndogo mno kwao kuweza kuitolea visingizio. Watayarishaji watakaporudi na karatasi zao kutafuta sura, kama walivyokuja 2011, ni muhimu wakute umma uliokwisha kuona filamu 100 pamoja, unaojua kuuliza hadithi ni ya nani kabla ya kuuliza malipo ni kiasi gani.