Pimeni na Moshi: Waraka wa Wazi kwa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

YAH: OMBI LA KUPIMA MOSHI TUKUYU

Mnapotoa utabiri wa mvua za Msimu, sisi wakulima wa chai, ndizi na parachichi wa Rungwe huusikiliza neno kwa neno. Majira hayohayo mashamba yanaandaliwa kwa moto, na kuna siku Mlima Rungwe hauonekani kabisa kutoka Tukuyu mjini. Mnatueleza joto la bahari. Naomba mtueleze na moshi.

Tone la wingu huanza pale mvuke unaposhika chembe. Juu ya Bahari ya Hindi, mbali na nchi kavu, baadhi ya chembe hizo ni chumvi iliyorushwa na mawimbi. Kwa kuwa chembe ni chache, matone hunenepa na kudondoka mapema. Moshi ukiingia, maji yaleyale hugawanywa kwa chembe nyingi: matone hubaki madogo, wingu hung'aa zaidi, mvua huchelewa. Mwaka 1999 watafiti wa mradi wa INDOEX, kambi yao ikiwa Maldivi, waliukuta utando mchafu kutoka Asia ya Kusini umeifunika bahari hiyo wakati wa kaskazi, masizi yake yakifyonza jua. Kusini ya mbali hewa ilikuwa safi.

Oktoba pepo zetu bado hutoka kusini-mashariki, kwenye bahari hiyo safi. Lakini kabla ya kutufikia hupita juu ya nchi inayoungua.

Wapo majirani wanaosema moshi unafukuza mvua. Mimi sijalikubali, kwa sababu mlima wetu huisukuma hewa juu kwa nguvu na wingu likanyesha hata hivyo. Ninachouliza ni mahali inaponyesha. Mvua ikichelewa kwa dakika chache, upepo unaweza kuivusha mlima kabla haijadondoka. Iliyokuwa ya Tukuyu ikaishia Isongole, upande wa pili. Kwa mkulima wa chai hilo si jambo dogo.

Kipimo cha mvua peke yake hakiwezi kulijibu swali hili. Tunaomba kando yake kiwekwe kifaa cha kupima chembe za hewani, kifanye kazi kuanzia Julai, kabla ya moto kushamiri, hadi mvua zikolee, na takwimu zake zibandikwe ofisi za kata. Mawingu hujibu upesi chembe za moshi zikipungua: tangu Januari 2020, meli zilipolazimika kupunguza salfa katika mafuta kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5, mistari ya mawingu inayozifuata baharini imepungua sana.

Vifua vya watoto wetu vinatosha kuwa sababu ya kupunguza moto, hata mvua isipohusika. Ila mkulima asitozwe faini kwa kosa la kuzuia mvua kabla hamjapima.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkulima wa chai, Tukuyu