Utumbo kuunganishwa kwa leza: habari hii inatuhusu vipi sisi wa Mitundu?

Eti siku hizi utumbo haushonwi tena, unaunganishwa kwa mwanga? Utafiti huo upo kweli. Lakini katika vyumba vya upasuaji vya huku kwetu kazi bado ni ya sindano na uzi, na mgonjwa akifika mapema, uzi huo unaweza kumwokoa.

Leza ni mwanga mkali uliokusanywa mahali pamoja. Ukielekezwa kwenye nyama ya mwili huleta joto, na protini zilizomo zinashikana, kama ute wa yai unavyoganda kwenye kikaango. Joto likizidi, nyama inaungua. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, Marekani, akiwemo Kaushal Rege, walichapisha jaribio walilofanya kwa utumbo wa nguruwe. Waliweka kwenye jeraha kiraka cha protini chenye vijiti vya dhahabu, vidogo visivyoonekana kwa macho. Leza ilipomulika, dhahabu ilipata joto na kiraka kikashika.

Kwa nini wahangaike hivyo? Ndani ya utumbo mna kinyesi na vijidudu. Mshono ukivuja hata kidogo, uchafu humwagika tumboni, na kila tundu la sindano ni mlango. Kiraka kinaziba bila kutoboa. Ni wazo zuri, wala hatulibezi.

Ila tujiulize utumbo wa watu wetu hutobolewa na nini. Sababu moja kubwa ni taifodi, ugonjwa wa maji na chakula kichafu. Hospitali ya Bugando, Mwanza, Dk. Phillipo Chalya na wenzake walichunguza wagonjwa 104 waliotoboka utumbo kwa taifodi, kati ya mwaka 2006 na 2011. Wengi walikuwa watoto wakubwa na vijana. Katika kila 100 walifariki kama 23, na kuchelewa kufika hospitali kulichangia.

Hapo ndipo tunapoiona leza kuwa habari ya mbali. Haisafishi usaha uliokaa tumboni siku tatu. Haifupishi safari ya bodaboda wakati wa mvua. Tena utumbo wenye vidonda vya taifodi ni dhaifu. Ukiziba hapa, huenda ukatoboka pale.

Na sisi tuna mazoea yetu: homa kidogo, tunaambiwa "taifodi na yuti-ai", tunanunua vidonge dukani, wiki zinapita. Utumbo hutoboka mara nyingi homa ikiwa imefika wiki ya pili au ya tatu. Ghafla tumbo linauma vikali, linakuwa gumu kama ubao, mgonjwa hataki liguswe, anatapika, tumbo linajaa. Usimpe uji wala dawa ya kuendesha, na tumbo lisikandwe. Mpeleke saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Mkifika kituo cha afya ulizeni mapema: hapa anaweza kupasuliwa, au apelekwe Itigi, Hospitali ya Mtakatifu Gaspar? Bebeni daftari lake na maganda ya dawa zote alizomeza, hata zile za dukani, maana daktari atataka kuzijua kabla ya kumlaza usingizi.